Helmeti bila waya: mambo ya kujua kabla ya kubadilisha interkomu ya pikipiki

Kutoka Lodwar hadi Kalokol ni takriban kilomita 60. Baada ya hapo, anayekwenda Nariokotome kwa pikipiki hufuata upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, akipita Kataboi na Nachukui na kuvuka laga moja baada ya nyingine. Laga hizo huwa kavu siku nyingi za mwaka. Lakini mvua ikinyesha milimani, maji yanaweza kufika barabarani wakati mbingu iliyo juu ya msafiri haina hata wingu. Anayetangulia ndiye huyaona kwanza, na anayemfuata huenda yuko mita mia mbili nyuma, amefunikwa na vumbi, hasikii honi wala hauoni mkono unaopungwa.

Hapo ndipo swali la interkomu linapoanza kuwa na maana kwa wakazi wa kaunti hii. Interkomu ni kifaa cha kuwasiliana kinachofungwa ndani ya helmeti: spika mbili kwenye masikio, maikrofoni karibu na mdomo, na kitu cha kuunganisha helmeti moja na nyingine. Kwa miaka mingi kiunganishi hicho kilikuwa waya. Sasa wengi wanauziwa vifaa visivyo na waya, na si kila anayenunua huelezwa anachopata na anachopoteza.

Kwanza tuelewe ule wa zamani. Interkomu ya waya huwa na kisanduku kidogo kinachofungwa kwenye pikipiki au kuwekwa mfukoni. Waya mmoja huenda kwenye helmeti ya dereva, mwingine kwenye ya abiria. Umeme hutoka kwa betri ndogo za kawaida au kwa betri ya pikipiki yenyewe. Sauti hufika papo hapo, hakuna la kuunganisha kila asubuhi, na betri ikiisha inabadilishwa dukani. Kwa dereva na abiria wanaokaa kwenye kiti kimoja, mfumo huu hufanya kazi vizuri, na mtu asidanganywe kwamba umepitwa na wakati kwa sababu tu una waya.

Udhaifu wake ni ule ambao kila mhudumu wa bodaboda atautambua. Abiria anashuka kwa haraka akisahau kwamba shingo yake imefungwa kwa pikipiki. Mchanga na jasho vinaingia kwenye pini, na baada ya muda sauti inakatika upande mmoja. Injini nayo huingiza mlio wake: kifaa kinachotumia umeme wa pikipiki mara nyingi hunasa ngurumo za jenereta na cheche za plagi, na mlio huo hupanda kila dereva anapoongeza mafuta. Zaidi ya yote, waya hauwezi kuunganisha pikipiki mbili. Waliotaka mawasiliano hayo zamani walilazimika kuongeza redio za mawasiliano, na redio hizo huhitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Kuna pia waya wa aina nyingine ambao ndio umeenea zaidi katika steji zetu: earfoni za simu zinazosukumwa chini ya helmeti, au simu yenyewe iliyobanwa kati ya shavu na sponji. Hiyo si interkomu. Earfoni huziba sikio na kumnyima dereva sauti ya lori linalokuja nyuma, jambo la hatari katika barabara ya Lodwar hadi Kakuma na Lokichoggio ambako magari sasa yanakwenda kasi. Simu iliyobanwa shavuni ni kitu kigumu kilichowekwa mahali ambapo helmeti ilitengenezwa pawe laini. Na wapo wanaolegeza mkanda wa kidevu ili simu ipate nafasi. Helmeti isiyofungwa inaweza kutoka kichwani kabla ya mwendeshaji kugonga chini.

Interkomu isiyo na waya hutumia Bluetooth, teknolojia ileile iliyo ndani ya simu nyingi. Ilianzia katika kampuni ya Ericsson huko Sweden miaka ya 1990, na hutumia mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4. Kipande kidogo chenye betri hubanwa ubavuni mwa helmeti, na helmeti mbili huzungumza moja kwa moja.

Maneno hayo matatu, moja kwa moja, ni muhimu kwa watu wa Turkana Kaskazini. Interkomu haihitaji mlingoti wa simu. Mahali ambapo simu haina hata mstari mmoja wa mtandao, helmeti mbili zilizounganishwa zitaendelea kuzungumza, na hazitumii salio wala bando. Mwenye kupiga simu ndiye anayehitaji mtandao.

Ila masafa yana mipaka yake. Katoni inaweza kuandikwa kilomita moja au zaidi, na huo ni umbali wa mahali tambarare ambapo helmeti moja inaiona nyingine bila kizuizi. Mawimbi haya hayapindi kilima, na mwili wa binadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, huyameza. Pikipiki ya mbele ikishuka ndani ya laga yenye kingo ndefu, au ikizunguka jabali, sauti inaweza kukatika hata kama umbali ni mfupi. Kwa hiyo anayetangulia na aseme kabla ya kushuka, si baada ya kuingia: "Nafika kwenye laga, subiri." Akishavuka na kupanda ng'ambo, ndipo amwite mwenzake. Wakikubaliana hivyo tangu Kalokol, ukimya nao unakuwa ujumbe, na wa nyuma anajua asimame.

Wanaosafiri watatu au zaidi, kama timu za afya au za mifugo, watasikia pia kuhusu mfumo unaoitwa meshi. Bluetooth ya kawaida huwaunganisha watu kama mnyororo: wa katikati akibaki nyuma, wa mwisho hupotea naye. Katika meshi kila kifaa hutafuta kilicho karibu na kupitisha sauti, na aliyepotea hurejea mwenyewe akikaribia wenzake. Ni mfumo bora kwa msafara, lakini bei yake ni ya juu. Vifaa vya kawaida vya Bluetooth huuzwa kwa maelfu machache ya shilingi. Vya meshi kutoka kampuni zinazojulikana kama Sena na Cardo hufika makumi ya maelfu. Mhudumu anayebeba abiria kutoka sokoni Lodwar hadi Kanamkemer hana sababu ya kutumia pesa hizo.

Jambo linalowaumiza wanunuzi wengi ni hili: vifaa vya kampuni mbili tofauti havielewani kila mara. Kila kimoja kitaunganishwa na simu bila shida, lakini helmeti kwa helmeti vitakataa, au vitakubali kwa sauti duni. Nunua viwili vya aina moja, kwa siku moja, na uvijaribu mbele ya muuzaji kabla ya kulipa. Mmoja abaki dukani, mwingine atembee hadi mwisho wa barabara.

Kufunga kifaa si kazi ya fundi mkuu, ila ina makosa yasiyoweza kurekebishwa. Ndani ya helmeti, chini ya sponji, kuna povu gumu jeupe au jeusi ambalo kazi yake ni kupondeka badala ya kichwa. Usilichonge ili spika iingie. Helmeti nyingi huwa na vishimo vya masikio vilivyoachwa tayari. Kama yako haina, spika nyembamba hukaa kati ya sponji na povu. Usitoboe ganda la nje kwa skrubu, wala kulisafisha kwa petroli ili gundi ishike. Petroli na baadhi ya gundi kali hudhoofisha plastiki, na helmeti itabaki kuonekana nzima huku nguvu yake imepungua. Tumia kibanio kinachokuja na kifaa, au gundi ya utepe iliyotolewa nacho.

Kipande cha kubonyeza kikae upande wa kushoto, kwa kuwa mkono wa kulia unashika mafuta na breki ya mbele. Maikrofoni ya kijiti ni ya helmeti iliyo wazi usoni. Ile ya waya mfupi yenye kitufe hubandikwa ndani ya kidevu cha helmeti iliyofunika uso wote. Ukizibadilisha, upepo ndio utakaosikika.

Halafu joto. Lodwar hufikia nyuzi 35 mchana kama jambo la kawaida, na helmeti nyeusi iliyoachwa juani kwenye kiti cha pikipiki hupata joto zaidi ya hapo. Betri za vifaa hivi ni za lithiamu, na watengenezaji wengi hushauri zisichajiwe joto likizidi nyuzi 45. Kuchaji mchana juu ya bati au kando ya paneli ya sola ndiyo njia ya haraka ya kuiharibu. Chaji usiku au kivulini. Betri iliyovimba isitumike tena, isitobolewe, na isitupwe kwenye moto wa taka. Hapa waya una ushindi wake: betri za kawaida hazina masharti mengi hivyo, na anayekaa mbali na umeme kwa siku nne anaweza kubeba za akiba mfukoni. Anayehamia Bluetooth na awe na pawabenki, au soketi ya USB iliyofungwa kwenye pikipiki ikiwa na kipunguza umeme kutoka volti 12 hadi 5. Kuunganisha moja kwa moja kwa betri ya pikipiki kutaunguza kifaa.

Abiria wa bodaboda naye? Sheria ya Trafiki inamtaka anayefanya biashara ya pikipiki awe na helmeti mbili na jaketi mbili zenye kuakisi mwanga, na abeba abiria mmoja tu. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 ziliweka faini ya shilingi 1,000 kwa asiyevaa kinga, na shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu chombo kikiwa mwendoni. Kwa safari fupi za mjini, kugonga bega kunatosha: mara moja punguza mwendo, mara mbili simama. Interkomu ya abiria ina thamani katika safari ndefu, hasa mgonjwa au mama mjamzito anapopelekwa hospitali ya Lokitaung au ile ya rufaa Lodwar. Mtu anayeumwa hana nguvu ya kupiga kelele dhidi ya upepo, na dereva anayemsikia akisema "pole pole, mashimo" anaweza kubadilisha mwendo kabla hali haijawa mbaya. Kwa kazi hiyo, hata interkomu ya waya iliyotunzwa vizuri inafaa.

Kwa wanaopenda kupokea simu au kusikiliza muziki kupitia helmeti, tahadhari moja. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali takriban mara nne zaidi, na kwamba kuzungumza bila kushika simu hakupunguzi hatari hiyo kwa kiasi kikubwa, kwa sababu kinachotoka barabarani ni akili. Maneno machache ya mwenzako kuhusu laga iliyo mbele yanahusu barabara. Mabishano kuhusu deni hayahusu. Simu ikilia, tafuta mahali salama, simama, kisha upokee. Sauti nayo iwe ndogo: upepo wenyewe ndani ya helmeti huumiza masikio kwa mwendo wa kasi, na kuongeza muziki juu yake kila siku huleta uziwi wa polepole.

Mwenye pesa za kitu kimoja tu na anunue helmeti nzuri kwanza. Uchunguzi uliokusanya tafiti za nchi nyingi na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba helmeti hupunguza vifo vya waendesha pikipiki wanaopata ajali kwa takriban asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Hakuna interkomu yenye takwimu kama hizo. Tafuta alama ya ubora ya KEBS, jaribu kama inakaza bila kuuma, na funga mkanda.

Nariokotome inajulikana duniani kwa sababu ya mifupa ya mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, ambayo Kamoya Kimeu aliianza kuiona kando ya laga mwaka 1984, kipande kidogo cha fuvu kikiwa cha kwanza. Wanaosafiri huko leo wakiwa wawili wawili, na wakitaka kubadilisha waya, wafanye hivyo kabla ya msimu wa mvua na wajaribu vifaa kwenye njia fupi wanayoijua. Na ule mfumo wa zamani usitupwe. Futa pini kwa kitambaa kikavu, toa betri zisije zikavuja ndani, ukunje waya bila kuuvunja, na uuweke chini ya kiti. Siku Bluetooth itakapozima katikati ya Kataboi na Nachukui, bado kutakuwa na njia ya abiria kusema na dereva.