Nakala Kabla ya Safari: Fundisho la Kwihara

Wahenga walisema akiba haiozi. Methali hiyo hutajwa zaidi katika mambo ya fedha na chakula, lakini yamfaa pia mfanyakazi ambaye jembe lake ni kompyuta. Mhariri wa filamu anapoitwa kazini Tabora au Kigoma, hukagua tiketi, nguo na kamera. Ni nadra kujiuliza: kompyuta hii ikiibwa au ikiharibika njiani, na ile programu ya kuhariria niliyoinunua kwa fedha nyingi itapotea nayo?

Swali hilo ni la zamani katika njia ya Tabora. Karne ya 19, misafara ya wapagazi ilitoka Bagamoyo, ikapumzika Unyanyembe, kisha ikashika njia ya Ujiji. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa yapata frasila mbili. Akitoroka au akizama mtoni, mzigo nao umekwenda. Mnamo Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wapagazi wawili waliutoroka msafara wa David Livingstone, na sanduku la dawa likapotea pamoja nao. Hapakuwa na sanduku la pili. Homa zilimwandama katika miaka iliyofuata, naye hana dawa za kutosha.

MAANDISHI YALIYOOKOKA

Katika maandishi, hata hivyo, mzee huyo alikuwa mwangalifu. Safarini aliandika katika vijitabu vidogo; alipopata nafasi, aliyanakili yote katika kitabu kikubwa. Mwaka 1871, akiwa Nyangwe, mashariki ya Kongo, karatasi na wino vilimwishia, akaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu kwa wino wa mimea. Humo alieleza mauaji ya watu sokoni hapo yaliyotokea Julai 15, 1871.

Mwaka 1872 alifika Kwihara, nje kidogo ya Tabora, pamoja na Henry Stanley. Machi 14 mwaka huo waliagana. Stanley alirejea pwani akiwa amekabidhiwa kile kitabu kikubwa, kimefungwa na kutiwa lakiri. Livingstone alibaki, akasafiri tena mwezi Agosti, na mwaka 1873 akafariki katika kijiji cha Chitambo. Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake pamoja na maandishi yake ya mwisho, wakapitia Unyanyembe hadi Bagamoyo.

Wino wa zile kurasa za gazeti ulififia hata zisisomeke. Ilipofika mwaka 2011 ndipo wataalamu walipozisoma upya, kwa kuzipiga picha chini ya mianga mbalimbali. Lakini habari za Nyangwe zilikwisha kusomwa kitabuni tangu 1874, kwa sababu palikuwa na nakala, na nakala hiyo ilikuwa imepita njia yake.

LA KUFANYA LEO

Fundisho ni kwamba nakala huokoa pale tu inapotengwa na kile inachokilinda. Diski ya akiba iliyowekwa katika mkoba mmoja na kompyuta haina faida. Mwizi atavichukua vyote. Iache nyumbani kwa mwenzi wako, au ofisini kwa mtu mwaminifu.

Aidha, kunakili programu peke yake hakutoshi. Programu nyingi za kuhariri hukataa kufunguka bila namba ya leseni au akaunti ya mnunuzi, na nyingine hutaka intaneti ili zithibitishwe. Basi hifadhi faili la kusimikia programu, namba ya leseni, risiti na mipangilio yako. Kazi ambazo hazijakamilika ziwe nazo katika nakala. Soma pia masharti ya leseni: nakala ya tahadhari ni jambo moja, kuwagawia marafiki ni jambo jingine.

Hatimaye, ijaribu nakala hiyo juma moja kabla ya safari, katika kompyuta nyingine ikiwa leseni inaruhusu. Ikikataa kufunguka ungali nyumbani, utapata nafasi ya kumwuliza muuzaji. Ikikataa ukiwa Tabora, mwenye kazi anasubiri, na ada ya shule ya watoto inategemea malipo yake.