Shokapu za gari la familia: Zipi ufunge mwenyewe, zipi umwachie fundi

Chita. Mgonjwa anayetoka Chita kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko mjini Ifakara hupita Mngeta na Mbingu, kwenye barabara ambayo sehemu kubwa ni ya vumbi. Upande mmoja ni Milima ya Udzungwa, upande mwingine ni bonde la Mto Kilombero. Kiangazi barabara ni mashimo, masika ni tope. Kila shimo hupokelewa na tairi, springi na shokapu. Shokapu ikiwa imekufa, shimo hilo humfikia abiria mgongoni.

Kwa familia yenye gari, matengenezo haya huahirishwa kirahisi. Gari bado linawaka, linatembea na linaleta hela, na ada ya shule haisubiri. Wengine huamua kubadilisha wenyewe ili kuokoa hela ya ufundi. Uamuzi huo unaweza kuwa sahihi au wa hatari, kutegemea ni shokapu ipi na imefungwaje.

Kazi yake ni nini?

Wengi hudhani shokapu ndiyo inayobeba gari. Uzito hubebwa na springi. Springi ikibonyezwa hurudi juu, kisha chini, kisha juu tena, na kazi ya shokapu ni kuzima mdundo huo. Ndani yake kuna pistoni inayosukuma oili kupita kwenye matundu madogo. Nguvu ya mdundo hugeuka joto na gari hutulia.

Shokapu ikichoka, tairi huruka badala ya kushika ardhi, na tairi lililo hewani halifungi breki. Gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama, huyumba kwenye kona na hula tairi kwa mabaka. Kwenye barabara wanayopita watoto wa shule na baiskeli, hatari hiyo si ya waliomo ndani peke yao.

Mwili unapata nini?

Mtikisiko wa mwili mzima unaojirudia kwa miaka unahusishwa na maumivu ya kiuno kwa madereva, na jambo hili limechunguzwa kwa muda mrefu duniani. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayoweka kikomo cha mtikisiko ambao mfanyakazi anaruhusiwa kuupata kwa siku. Mwili wa mtu aliyeketi huathirika zaidi na mitikisiko ya juu na chini inayojirudia kati ya mara nne na nane kwa sekunde.

Kwa mgonjwa tatizo ni la papo hapo. Mfupa uliovunjika ukitikiswa huumiza zaidi na unaweza kuongeza damu inayovuja ndani. Mama mwenye uchungu au aliyetoka kufanyiwa upasuaji huhisi kila shimo.

Uzito ndio adui mkubwa

Ulaya na Marekani kuna magari yenye vitanda na jiko ndani, ambayo familia husafiri na kulala humo. Shokapu zake hufanya kazi ngumu kwa sababu gari halitui mzigo hata siku moja. Huku kwetu, Noah inayojaza abiria kupita viti vyake na kuongezewa magunia ya mpunga iko katika hali hiyo hiyo, tena kwenye barabara mbaya zaidi.

Wapo wanaoongeza majani ya springi au kuweka mipira ili gari lisikae chini. Gari hunyanyuka, lakini springi ngumu zaidi inahitaji shokapu yenye nguvu zaidi kuituliza. Ile ya zamani hufa haraka.

Baadhi ya watengenezaji hushauri shokapu zikaguliwe kila kilomita 20,000 na kubadilishwa zikifika 80,000. Hesabu hiyo ni ya barabara nzuri. Kwa gari la njia ya Ifakara hadi Mlimba, ni busara kuzikagua kila linapoingia kumwaga oili ya injini.

Jinsi ya kuzijua zilizokufa

Bonyeza kona moja ya gari kwa nguvu kisha achia. Likipanda mara moja na kutulia, shokapu bado ina uhai. Likidunda zaidi ya mara mbili, imechoka. Kipimo hiki hugundua iliyochoka sana tu, hivyo usiishie hapo.

Chungulia chini. Unyevu kidogo si tatizo, lakini oili inayochuruzika na kushika vumbi ni dalili ya sili kuachia. Angalia pia mipira ya juu na chini kama imekatika.

Kipimo kingine ni joto. Baada ya mwendo kwenye barabara mbovu, shokapu inayofanya kazi huwa ya moto. Isogezee mkono taratibu bila kuishika ghafla. Moja ikiwa ya baridi na mwenzake ni ya moto, ile ya baridi haifanyi kazi.

Unazoweza kufunga nyumbani

Shokapu za nyuma za Noah na zote nne za Land Cruiser hardtop zimesimama peke yake, mbali na springi. Mtu mwenye spana sahihi na mwangalifu anaweza kuzibadilisha. Pikipiki nayo, shokapu mbili za nyuma hufungwa kwa nati chache.

Usiku wa kuamkia kazi, lowesha nati zenye kutu kwa dizeli au mafuta ya kulegezea. Egesha kwenye ardhi ngumu na tambarare, si uwanja wenye tope, na zuia magurudumu kwa mawe. Ukishanyanyua gari, liweke juu ya stendi imara. Kamwe usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee, na watoto wakae mbali.

Egemeza ekseli kwa jeki kabla ya kufungua, kwa sababu kwenye baadhi ya magari shokapu ndiyo inayoizuia isidondoke. Kumbuka mpangilio wa washa na mipira. Shokapu mpya isimamishe wima, uivute na kuibonyeza mara kadhaa ili hewa itoke kwenye oili. Nati zinazobana mipira ya pembeni zikazwe mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, la sivyo mipira hujinyonga na kukatika. Badilisha zote mbili za ekseli moja, kisha kaza upya baada ya siku chache za kutembea.

Za kumwachia fundi

Shokapu za mbele za Noah na magari mengi madogo zimevalishwa springi mwilini mwake. Springi hiyo imebanwa kwa nguvu kubwa. Ukifungua nati ya juu bila kifaa maalumu cha kuibania, inaweza kufyatuka na kuvunja mkono au taya, hata kuua. Kamba na waya si mbadala. Mwulize fundi kama anacho kifaa hicho kabla ya kumkabidhi gari. Baada ya kazi hiyo, gari lipimwe mpangilio wa magurudumu.

Usikubali pia shokapu iliyokufa itobolewe, ijazwe oili na kuchomelewa. Nyingi zina gesi yenye mgandamizo, na moto unaweza kuzilipua. Kwa sababu hiyo hiyo, za zamani zisitupwe motoni.

Ukinunua za mtumba, beba ya zamani kama sampuli na namba ya chesisi. Isukume kwa mkono: inatakiwa ikaze mwanzo hadi mwisho. Ikishuka bure au ikiwa na sehemu tupu, iache dukani.

Ukimbeba mgonjwa kabla hujatengeneza

Viti vya kati, katikati ya ekseli mbili, hurushwa kidogo kuliko kiti cha nyuma kabisa. Mjamzito na mwenye maumivu ya mgongo wakae hapo. Mjamzito akilazwa, alale kwa ubavu wa kushoto. Mguu au mkono uliovunjika ufungwe gango kabla ya kuondoka. Teremsha mizigo na punguza mwendo.

Kwa dharura ya mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga, mfumo wa m-mama hupokea simu kwa namba 115 bila malipo na hutafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Namba hiyo iwe kwenye simu ya kila mtu mzima nyumbani, hata penye gari uani.