Geji za Kompyuta na Mpango Mpya wa Kazi



Kila aliyefanya kazi karibu na boila anajua maana ya geji. Ikidanganya, watu huumia. Kompyuta nayo ina geji zake, zinazopima joto, umeme na mwendo wa feni. Mashine nyingi za viwandani sasa zinaongozwa na kompyuta, kwa hiyo jambo hili linatuhusu.

Katika Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kila aina ya geji ina programu yake ndani ya kiini cha mfumo. Zamani kila mtungaji alijitengenezea mwenyewe mafaili ya kuonyesha vipimo. Kazi ile ile ilirudiwa, na makosa yakarudiwa nayo.

Mwaka 2016, toleo la 4.9 lilileta utaratibu mpya: sehemu ya pamoja hutengeneza mafaili, na programu ya geji hubaki na kazi ya kusoma na kuandika vipimo. Tangu hapo programu nyingi za zamani zimehamishwa, moja moja.

Lakini sharti lipo: majina na vipimo visibadilike. Joto huandikwa kwa sehemu za elfu za digrii. 45000 ni digrii 45. Likiandikwa 45 tu, programu ya feni itadhani mashine ni baridi, nayo itazidi kuchemka.

Basi nasi, tukiletewa kiwandani au shambani "mpango mpya", tuulize: Nani amepima kabla, na nani atapima baada?