Utangulizi: Namna ya Kumpima Asiyeitwa

Kila mwaka, msimu ukishakwisha, klabu 32 za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni huko Marekani na Kanada, huita majina 224. Ni raundi 7, kila klabu kwa zamu yake, na kwa siku mbili vijana wa miaka 18 hukaa na wazazi wao wakitega sikio. Anayeitwa huvishwa jezi na kofia, hupigwa picha, hukumbatiwa na ukoo mzima. Kitabu hiki hakimhusu. Kinamhusu yule aliyebaki kitini raundi ya 7 ilipokwisha, na zaidi yule ambaye hakwenda ukumbini kabisa kwa kuwa hakuna aliyemwambia aende. Swali letu ni hili: kijana huyo ana uwezekano gani wa kuja kucheza ligi kuu, na sisi tulio nje tunaujuaje?

Karibu, basi. Kwanza tuelewane kwa maneno. Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia hoki hufikiria magongo ya nyasini, mchezo ambao Kenya ilimaliza ya nne katika Kombe la Dunia la 1971 mjini Barcelona. Huu ni ndugu yake wa baridi: wachezaji 6 kila upande akiwemo kipa, viatu vyenye makali chini, na kisahani kigumu cha mpira badala ya tufe. Si mgeni kabisa kwetu. Nairobi, ndani ya hoteli ya Panari, kiwanja kidogo cha barafu kiliizaa timu ya Ice Lions, ambayo mwaka 2018 vijana wake walipelekwa Kanada wakacheza upande mmoja na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Lile zoezi la kuita majina nitaliita uteuzi wa chipukizi. Wapo wanaoandika "drafti", lakini neno hilo tayari lina wenyewe: wazee wa kijiweni na vifuniko vyao vya soda.

Uteuzi huu ulianza 1963, na msomaji aliyezoea soka atauona wa ajabu, maana kijana hachagui klabu. Klabu humchagua, na kuanzia hapo yeye ni wao kwa muda. Akitaka NHL, mlango wake ni mmoja. Asiyeitwa hana mlango wowote aliowekewa, ila umri ukishampita wa kuteuliwa anakuwa mchezaji huru, na anaweza kubisha hodi popote. Shika jambo hilo, tutalirudia.

Wengi huingia katika somo hili kwa kupitia hadithi ya Martin St. Louis. Mzaliwa wa Laval, Quebec, urefu wa sentimita 173 hivi, alicheza miaka minne Chuo Kikuu cha Vermont akifunga na kufungisha kama mvua ya masika, na hakuna klabu iliyomwita. Calgary Flames ilimsajili 1998, ikamwacha 2000. Tampa Bay Lightning ikamwokota. Msimu wa 2003-04 aliongoza ligi nzima kwa pointi 94, akatwaa tuzo ya mchezaji bora, kisha akabeba Kombe la Stanley, la ubingwa wa ligi, baada ya fainali ya mechi 7. Waliofungwa fainali hiyo ni Calgary.

Hadithi tamu, na inapotosha. Ukianza na St. Louis, kisha ukaongeza Adam Oates, Joe Mullen, Ed Belfour na Dino Ciccarelli, wote wakiwa katika Ukumbi wa Heshima na wote bila kuteuliwa, utaamini kwamba wasaka vipaji ni vipofu. Lakini orodha hiyo imeandikwa kutoka mwisho kurudi mwanzo. Haina maelfu ya vijana waliokuwa na umbo lilelile na moyo uleule, ambao leo ni mafundi umeme, walimu na maaskari wa zimamoto katika miji midogo ya Saskatchewan. Ligi tatu kuu za vijana za Kanada pekee zina timu takriban 60. Vyuo vya Marekani vya daraja la kwanza vinaongeza timu nyingine zaidi ya 60, na bado hatujafika Sweden, Finland, Urusi na Ucheki. Upande wa pili, klabu 32 zenye wachezaji 23 kila moja zinatoa nafasi 736, nyingi zikiwa na wenyewe hadi mwakani na mwaka wa kesho kutwa. Kwa hiyo kabla hujamtazama kijana yeyote, uliza: katika wote wanaofanana naye, wangapi walifika? Hapo ndipo pa kuanzia hesabu. Sifa zake zije baadaye, zipandishe au zishushe.

Tatizo ni kwamba "wanaofanana naye" si kundi moja. Gwiji Wayne Gretzky hakuwahi kuteuliwa na klabu ya NHL, na si kwa sababu mtu alimdharau: alikuwa na mkataba katika ligi pinzani ya WHA, akaingia NHL nao ligi hizo zilipounganishwa 1979. Börje Salming alisajiliwa na Toronto 1973 akitokea Sweden, zama ambazo klabu nyingi zilikuwa hazijazoea kutafuta ng'ambo ya bahari. Wala mpaka wenyewe haukukaa mahali pamoja. Hadi 2004 raundi zilikuwa 9, na mwaka huo Nashville ilimwita kipa wa Kifini, Pekka Rinne, wa 258. Angezaliwa baadaye kidogo, chini ya raundi 7 za sasa, pengine naye angekuwa "asiyeitwa", ilhali 2018 alitwaa tuzo ya Vezina, ya kipa bora. Mtafiti anayemweka Gretzky kwenye jedwali moja na beki wa chuo aliyepitwa mara tatu amechanganya mchele na chuya, kisha anauza kwa bei ya mchele.

Tuingie jikoni. Chombo cha kwanza ni ubadilishaji wa pointi, ambao Gabriel Desjardins aliueneza katika miaka ya 2000. Wazo lake ni la dukani: pointi ya ligi moja si pointi ya ligi nyingine, kama shilingi ya Kenya isivyo shilingi ya Tanzania, kwa hiyo tafuta kiwango cha kubadilishia. Ukiwafuata wachezaji waliohama ligi fulani kwenda NHL na kulinganisha pointi zao kwa mechi, kabla na baada, unakipata. Kwa AHL, ligi iliyo ngazi moja chini, kiwango kilitoka chini kidogo ya nusu. Kwa ligi za vijana za Kanada, karibu sehemu tatu za kumi.

Chukua vijana wawili wa kubuni katika ligi ya vijana ya Ontario, ambako msimu una mechi 68. Wa kwanza ana miaka 20 na pointi 90. Wa pili ana miaka 17 na pointi 60. (Pointi ni mabao ukijumlisha na asisti, na bao moja huweza kutoa asisti hadi mbili, tutaona baadaye jinsi asisti ya pili inavyodanganya.) Wa kwanza anapata pointi 1.32 kwa mechi. Zidisha kwa 0.3, kisha kwa mechi 82 za msimu wa NHL uliozoeleka, utapata kama 33. Wa pili, kwa hesabu hiyohiyo, kama 22. Mashabiki watamshangilia wa kwanza. Mimi ningemsajili wa pili bila kusita, kwa sababu wa kwanza ni mwanafunzi wa kidato cha nne aliyeongoza mtihani wa kidato cha pili. Amecheza na watoto aliowazidi miaka mitatu, minne, na mwili wake umeshakomaa. Wa pili bado anakua. Pointi bila umri ni nusu ya habari, na asiyeitwa, kwa kuwa mara nyingi tunamgundua akiwa na miaka 20 au 22, ndiye anayenufaika zaidi na uzembe huo wa kuusahau umri.

Kuna ufa mwingine, nao ni wa ndani zaidi. Kiwango cha kubadilishia kimetengenezwa kutokana na waliohama, yaani waliopewa nafasi. Wale ambao pointi zao zingeporomoka kabisa hawakupanda, kwa hiyo hawamo katika hesabu. Tunampima asiyeitwa kwa mizani iliyorekebishwa na walioitwa. Sijui mchambuzi aliyeuziba ufa huu vizuri. Wengi huukiri kwa sentensi moja kisha wanaendelea na majedwali yao.

Umri wenyewe nao una makunyanzi. Kanada hukata makundi ya watoto tarehe 1 Januari, hivyo mtoto wa Januari hucheza na wa Desemba kana kwamba ni rika, na katika umri wa miaka 9 au 10 miezi 11 ni mwili mwingine kabisa. Mwaka 2013 Robert Deaner na wenzake walichapisha utafiti juu ya wachezaji wa Kanada walioteuliwa kuanzia 1980. Waliozaliwa Januari hadi Machi walikuwa asilimia 36 ya walioitwa, lakini walicheza asilimia 28 tu ya mechi na kupata asilimia 25 ya pointi. Kutangulia si kufika. Waliozaliwa nusu ya pili ya mwaka waliitwa wachache kuliko walivyostahili, wakatoa zaidi ya walivyotarajiwa. Utafiti huo ulihusu walioitwa, lakini fikiria maana yake kwa wetu: kama klabu ziliwakosea hivyo vijana wa Oktoba ziliowaona, wale ziliowapita kabisa ni wangapi?

Makipa wana sura yao, na nitawagusa tu hapa. Hukomaa wamechelewa, na takwimu zao hutegemea mabeki walio mbele yao. Sergei Bobrovsky alidakia Novokuznetsk, timu dhaifu ya Siberia, ambako kipa hushambuliwa usiku kucha. Hakuna klabu iliyomwita. Philadelphia ilimsajili 2010 kama mchezaji huru. Tangu hapo ametwaa Vezina mara mbili, 2013 na 2017, na Kombe la Stanley mara mbili akiwa na Florida. Ukitaka kutafuta asiyeitwa mwenye thamani, anza golini.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike kitabu hiki. Kutoitwa ni mambo mawili kwa wakati mmoja, nasi tumezoea kuyaona kama moja. Kwanza ni ushahidi. Klabu 32, zenye wasaka vipaji wanaolala hoteli za barabarani majira yote ya baridi, zilimtazama kijana na kusema hapana. Hilo lina uzito. Lakini si uzito mkubwa kama unavyodhaniwa. Michael Schuckers wa Chuo Kikuu cha St. Lawrence alipochora thamani ya kila nafasi ya uteuzi, mstari ulishuka kwa kasi mwanzoni, kisha ukalala karibu bapa. Kati ya aliyeitwa wa 15 na wa 60 kuna bonde. Kati ya aliyeitwa wa 215 na asiyeitwa kuna kijito cha bahati.

Pili, na hili ndilo linalosahaulika, kutoitwa ni sababu. Mwaka 1995 Barry Staw na Ha Hoang walionyesha, katika mpira wa kikapu wa NBA, kwamba walioteuliwa mapema walipewa dakika nyingi zaidi na kudumu zaidi hata pale uchezaji wao ulipolingana na wa wengine. Klabu iliyomgharimia mtu huona aibu kumwacha. Katika hoki, kijana wa raundi ya kwanza akicheza vibaya Novemba ataambiwa apumue, atapangwa tena Desemba. Asiyeitwa akicheza vibaya Novemba anashushwa ECHL, ngazi mbili chini, na safari za basi za saa nane. Miaka mitano baadaye mtafiti anakuja, anakuta wa kwanza ana mechi 200 na wa pili ana 6, anaandika kwamba wasaka vipaji walikuwa sahihi. Sehemu ya usahihi huo waliitengeneza wenyewe.

Ndiyo maana mlango ule niliosema tuushike una umuhimu. Klabu hairuhusiwi kuwa na mikataba ya kawaida zaidi ya 50 kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila sahihi ina bei hata kama mshahara ni mdogo. Lakini asiyeitwa ambaye amechanua akiwa na miaka 22, 23, huchagua. Artemi Panarin alitoka Urusi 2015 akiwa huru, akaenda Chicago, akapangwa pamoja na Patrick Kane, nyota wa klabu hiyo, na msimu uliofuata usajili wake alikuwa na tuzo ya chipukizi bora. Tungemjua kama angetua kwenye klabu iliyojaa mawinga? Katika hesabu zangu, swali la "anakwenda wapi, na nani yuko mbele yake" hubeba karibu uzito sawa na "ana kasi gani".

Kuhusu macho dhidi ya namba sina vita ya kupigana. Jicho linaona kama kijana anageuza kichwa kabla kisahani hakijamfika. Namba inakumbuka mechi ambazo jicho lilikuwa limesinzia. Kwa wafupi, hata hivyo, naliamini jicho kidogo kuliko namba. Torey Krug, Mats Zuccarello, Tyler Johnson na Jonathan Marchessault, aliyekuwa mchezaji bora wa mchujo wa 2023, wote walipitwa wakiwa na takwimu zilizosomeka wazi na kimo kilichoonekana kutoka jukwaa la juu.

Kabla ya kufungua sura ya kwanza, fanya zoezi moja. Chukua orodha ya wafungaji 20 wa juu wa ligi yoyote ya vijana, futa waliokwisha kuteuliwa, na mbele ya kila jina lililobaki andika asilimia unayompa ya kucheza mechi 200 za NHL. Si "ndiyo" wala "hapana": asilimia. Andika na tarehe, ukunje karatasi, uiweke ndani ya kitabu hiki kwenye ukurasa wa mwisho. Ifungue baada ya miaka 6.