Betri ya sola, nyumbani na chomboni

Betri ya volti 12 inayowasha taa kwenye nyumba yenye sola huko Mnyuzi, wilayani Korogwe, ni ya aina ileile inayofungwa kwenye mashua ya tanga kule Mto Pangani unakoingilia baharini. Nyumbani ikifa, watu hulala gizani. Chomboni ikifa usiku, taa za njia, redio ya mawasiliano na pampu ya kutoa maji ngamani huzimika kwa pamoja.

Betri ya asidi ya risasi ina vyumba 6, kila kimoja kikitoa volti 2.1 hivi. Ikiwa imejaa na imepumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika, mita husoma volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2, imebaki nusu, na hapo ndipo pa kuacha kuitumia. Ikishuka chini ya nusu mara kwa mara, au ikikaa siku nyingi bila chaji, salfeti hugandamana kwenye pleti, na betri haishiki chaji tena. Betri ya gari huharibika mapema zaidi, kwa kuwa pleti zake ni nyembamba, zilizotengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Kazi ya usiku kucha inataka betri ya sola yenye pleti nene.

Kwa hiyo hesabu hutangulia ununuzi. Taa tatu za njia zenye balbu za kizamani za wati 25 hula karibu ampea 6. Kwa saa 10 hizo ni ampea-saa 60, zaidi ya nusu ya betri ya 100. Taa za LED za wati 3 hula ampea-saa 7 au 8 tu kwa muda huohuo.

Betri yenye vifuniko hukaguliwa kila mwezi. Pleti zikionekana kukauka, huongezwa maji ya betri yaliyochujwa kwa mvuke. Asidi haiongezwi, wala maji ya bomba au ya kisima. Ungaunga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri husafishwa, nati zikakazwa, kisha hupakwa grisi. Hewa ya chumvi ya baharini huharakisha kutu hiyo.

Hatari kubwa ni moto. Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka, hivyo haikai chini ya kitanda wala karibu na jiko, sigara au karabai. Chomboni hufungwa kwa mkanda ndani ya boksi la plastiki, juu ya ngama na mahali penye hewa: maji ya bahari yakiingia ndani ya betri huzalisha klorini, gesi yenye sumu. Fyuzi hufungwa kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, kwa sababu waya ukikwaruzika kati ya betri na fyuzi hiyo hakuna kitakachozuia shoti. Kuziba fyuzi iliyokatika kwa kipande cha waya ni kuondoa kinga hiyo. Wakati wa kufungua, waya wa hasi hutoka kwanza. Wakati wa kufunga, huingia mwisho. Asidi ikimwagikia ngozi au macho, huoshwa papo hapo kwa maji mengi safi, na mwenye kuumia macho apelekwe zahanati.

Betri iliyokufa nayo ni hatari. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi, wakiwemo watoto, na Julai 2020 mahakama iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Asiivunje mtu betri uani ili kutoa risasi, wala asimwage asidi yake mtoni. Irudishwe nzima kwa muuzaji au mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye kibali.