Mkoba wa nguo ya plastiki: namna ya kushona wa kwanza

Safari hii tunataka kufasiria kazi moja ya mikono ambayo kila mtu anaweza kuijaribu, hata asiye wa seksio ya kukata na kushona. Kazi yenyewe ni mkoba wa kubebea makaye, unaoshonwa kwa ile nguo ya plastiki tunayotandika juu ya meza.

Kwa nini mkoba huu? Hapa Beni tuko karibu kabisa na ikweta, na milima ya Rwenzori iko pale mashariki. Mvua haiombi ruhusa. Na sisi wanafunzi wengi hatuna vitabu: kitabu chetu njo kaye, ile tuliyoandika kutoka ubao siku kwa siku. Kaye ikilowa, wino unakimbia, na masomo ya miezi sita yanapotea kabla ya Examen d'État. Tena, tangu mauaji yaliyoanza katika eneo letu mwaka 2014, jamaa nyingi zimejifunza kukimbia usiku. Buletini na hati ya kuzaliwa vikipotea au vikioza kwa maji, kuandikishwa kwa masomo mapya kunakuwa shida kubwa. Kwa hiyo mkoba usiopitisha maji si urembo tu.

Wengine watasema: si kuko sashe? Ndiyo, lakini sashe inapasuka upesi na kuziba mifereji. Serikali yetu ilizikataza kwa dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017. Rwanda ilitangulia mwaka 2008, Kenya ikafuata mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Hata hivyo sashe bado zinaonekana sokoni. Afazali mkoba mmoja wa kudumu kuliko sashe mia.

NGUO YENYEWE

Zamani watu wa Ulaya walipaka kitambaa cha kitani au pamba mafuta ya mbegu za kitani yaliyochemshwa, wakayaacha yakauke. Hivyo maji yaliteleza juu bila kuingia. Ile tunayouziwa leo haina mafuta tena: ni kitambaa kilichofunikwa na plastiki. Lakini mawazo ni yale yale, na ni ya zamani sana. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 2, mama wa Musa alipaka kisafina cha manyasi sifa na lami kabla ya kuweka mtoto ndani na kukitia mtoni. Yeye pia alitaka kulinda kitu cha bei asichoweza kununua mara ya pili.

Unapoenda soko ya Kilokwa, geuza nguo uangalie mgongo wake. Ikiwa kuna kitambaa nyuma, ni nzuri. Ikiwa ni plastiki tupu pande zote mbili, iache, itapasuka penye uzi. Nguo ya upana wa santimetri 140, nusu metre inatosha.

MAMBO YA KUJUA KWANZA

1. Kila tundu la shindano linabaki milele. Hapana kutumia epingili katikati ya nguo, na hapana kushona halafu kufumua. Shika vipande kwa vibanio vya kuanikia nguo.

2. Hapana kupiga pasi. Pasi ya makaa itayeyusha plastiki. Nguo ikiwa na mikunjo, itandike juani muda kidogo, italainika yenyewe.

3. Tia shindano mpya, namba 90 au 100, na uzi wa polyesta. Uzi wa pamba ukilowa unaoza.

4. Hatua za uzi ziwe ndefu, milimetri 3 au 4. Hatua fupi zinatoboa matundu karibu-karibu, na nguo itakatika sawa tembre ya posta.

5. Mguu wa mashini unanata juu ya plastiki, nguo haiendi mbele. Dawa ni rahisi: weka karatasi nyembamba juu, shona pamoja nayo, kisha ipasue polepole. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa.

KUKATA NA KUSHONA

Chora upande wa mgongo kwa biki. Kata vipande viwili vya upana wa santimetri 42 na urefu wa 46. Kata tena mishipi miwili ya kushikia, kila mmoja santimetri 55 kwa 9.

Weka vile vipande viwili uso kwa uso. Shona chini na pande mbili, ukiacha santimetri moja na nusu toka ukingoni. Mwanzo na mwisho wa mshono rudisha hatua mbili tu, kisha funga nyuzi kwa mkono.

Sasa pembe za chini. Fungua pembe, ulaze mshono wa upande juu ya mshono wa chini, itokee ncha ya pembe tatu. Shona kukata ile ncha, pahali penye upana wa santimetri 10. Fanya vile pembe ya pili. Hapo mkoba unapata kitako na unasimama wenyewe.

Geuza uso utoke nje. Kunja mdomo kwa ndani santimetri 4, ushone kuzunguka. Kunja kila mshipi mara tatu kwa urefu, ubaki santimetri 3, ushone pande zote mbili. Pima katikati ya mdomo, uende santimetri 7 kushoto na 7 kuume: pale njo mishipi inakaa. Ndani ya mdomo tia kwanza kipande kidogo cha nguo ya nguvu. Halafu shona mraba, na ndani ya mraba msalaba. Uzito wote unaning'inia hapo, na mikoba mingi inakufia hapo.

KUZUIA MAJI

Nguo haipitishi maji, lakini matundu ya shindano yanapitisha. Sugua mishono yote kwa nta au kipande cha mshumaa, ndani na nje. Kisha ujaribu: tia gazeti kuukuu ndani, kunja mdomo, mwaga kopo la maji juu. Gazeti likitoka kavu, sasa unaweza kuaminia mkoba wako makaye.

Ukichafuka, pangusa kwa kitambaa cha maji na sabuni. Wakati wa kuweka, uviringishe, usiukunje, maana penye kunjo plastiki inapasuka. Na vipande vilivyobaki, tafazali, hapana kuvichoma jikoni: moshi wa plastiki hii una asidi, unaumiza kifua.

Mtume Paulo alijua kushona hema, na kazi ile haikumpunguzia heshima. Basi vijana wanaume wasituachie wasichana peke yetu. Makaye ya wote yanalowa na mvua moja.