Chuma Hujaribiwa Kwanza

Mti uliooza hujulikana. Ukiugonga, sauti yake si nzuri. Ukiuchoma kwa kisu, kisu kinaingia. Lakini chuma je? Kipande kibovu na kipande kizima huweza kulala pamoja kiwandani, vyote vyeusi, vyote vizito, na fundi hodari asitambue kipi ni kipi. Hiyo ndiyo iliyokuwa hofu ya watu wa Ulaya siku zile reli zilipoanza kuvuka mito juu ya madaraja ya chuma. Mwaka 1847, karibu na mji wa Chester katika Uingereza, boriti ya daraja la mto Dee ilikatika treni ikiwa inapita juu yake. Watu 5 wakafa.

Leo, wasomaji wapenzi, tunawaletea habari za kampuni moja ya Ujerumani iliyojenga madaraja katika siku hizo za hofu.

Ilianzia katika mji wa Nürnberg. Mfanya biashara mmoja, Johann Friedrich Klett, alifungua huko kiwanda cha kusubu chuma na kutengeneza mashine mwaka 1841. Alipofariki mwaka 1847, kazi ilishikwa na mkwewe, Theodor Cramer, ambaye aliunganisha jina la mkewe na lake akaitwa Cramer-Klett. Mkwe huyu hakuwa fundi wa chuma hata kidogo. Alikuwa mtu wa biashara, tena aliwahi kuanzisha gazeti! Lakini alikuwa na akili moja kubwa: alijua kuchagua watu, kisha aliwaacha wafanye kazi yao.

Mmoja wa watu hao alikuwa Ludwig Werder. Wakati ule Serikali ya Bavaria ilitaka daraja la reli juu ya mto Isar, mahali paitwapo Großhesselohe, karibu na München. Injinia wa Serikali, Bwana Pauli, alikuwa amebuni boriti ya namna mpya, yenye umbo la samaki, nene katikati na nyembamba kwenye ncha. Lakini nani atasema kwamba kila fito ya chuma itastahimili? Basi mwaka 1852 Werder akatengeneza mashine ya kujaribia chuma. Fito ilishikwa ncha mbili, ikavutwa kwa nguvu ya maji yaliyokazwa ndani ya silinda, na nguvu hiyo ikapimwa kwa mtambo kama mizani. Mashine iliweza kuvuta kwa nguvu ya tani 100. Chuma kibovu kilijulikana palepale kiwandani, si baadaye mtoni na abiria juu yake. Daraja likafunguliwa mwaka 1857, na mashine za namna hiyo zikaingia hata katika shule kubwa za ufundi.

Kabla ya hapo kampuni ilikwisha kupata sifa kwa nyumba moja ya ajabu. Mwaka 1854 ilisimamisha mjini München jumba la maonyesho, lote la chuma na kioo, lenye vioo vipatavyo 37,000. Watu walikuja kwa wingi kulitazama, lakini kipindupindu kikaingia mjini wakati wa maonyesho hayohayo, na furaha ikageuka matanga. Jumba lenyewe liliungua usiku mmoja mwezi wa Juni 1931, likateketea pamoja na maelfu ya picha zilizokuwa zimetundikwa ndani.

Mwaka 1858 alijiunga na kampuni kijana Heinrich Gerber, ambaye alikuwa amefanya kazi na Bwana Pauli. Gerber ndiye aliyesimamia kazi ya daraja kubwa la reli juu ya mto Rhein huko Mainz, lililokwisha mwaka 1862. Kwa kazi hiyo kampuni ilifungua karakana ng'ambo ya mto, mahali paitwapo Gustavsburg, na karakana ile ikawa shina la ujenzi wake wa madaraja.

Lakini jina la Gerber linakumbukwa kwa jambo jingine. Fikirini boriti moja ndefu iliyolazwa juu ya nguzo nne mtoni. Nguzo moja ikizama kidogo tu kwenye matope, boriti nzima inapindwa, nayo inaumia mahali ambapo hakuna aonaye. Gerber alifanya nini? Aliikata boriti! Aliikata mahali alipopachagua kwa hesabu, akaunganisha vipande kwa bawaba, mithili ya mlango. Sasa nguzo ikizama, bawaba inajipinda kidogo, na chuma hakiumii. Wengi wangedhani kwamba boriti iliyokatwa ni dhaifu kuliko nzima. Hesabu ilionyesha kinyume. Alipata hati ya ubunifu wake mwaka 1866, na mwaka 1867 daraja la namna hiyo likasimama juu ya mto Main huko Haßfurt. Daraja kubwa la Forth katika Scotland, lililofunguliwa mwaka 1890, limejengwa kwa kanuni iyo hiyo.

Mwaka 1898 kampuni ya Nürnberg iliungana na kiwanda cha mashine cha Augsburg, kile ambacho ndani yake Rudolf Diesel alikuwa ametengeneza injini yake. (Wenye mashine ya kusaga nafaka kijijini wanalifahamu jina hilo.) Tangu mwaka 1908 kampuni iliitwa kwa kifupi M.A.N., na herufi hizo mtaziona mpaka leo mbele ya malori.

Kazi inayotajwa zaidi ni daraja la Müngsten, kati ya miji ya Remscheid na Solingen. Miji hiyo iko karibu, ila bonde la mto Wupper lilikaa katikati, na treni ililazimika kuzunguka kilometa 42 badala ya 8. Injinia Anton Rieppel alilivusha bonde kwa tao moja la mita 170. Reli inapita mita 107 juu ya mto. Mafundi walilijenga tao kutoka pande zote mbili, kila upande ukining'inia hewani mpaka zikakutana katikati. Vipande viliunganishwa kwa ribiti, yaani misumari minene inayotiwa tunduni ikiwa nyekundu kwa moto na kupigwa nyundo mpaka itoe kichwa cha pili. Zilihesabiwa ribiti 934,456. Wafanya kazi 6 walikufa katika kazi hiyo, iliyoanza mwaka 1894 na kwisha mwaka 1897.

Wenyeji wa huko husimulia kwamba injinia aligundua kosa katika hesabu zake, akajitupa bondeni kabla ya sherehe. Si kweli, Rieppel aliishi mpaka mwaka 1926. Husimulia pia kwamba ribiti ya mwisho ilikuwa ya dhahabu. Treni za abiria zinapita juu ya daraja hilo hata sasa, wengi wameitafuta ribiti hiyo, na hakuna aliyeiona.